Sahani ya Majivu Uani kwa Jirani

Jumamosi moja mwezi uliopita, hapa Masasi, alinijia binti wa darasa la sita amejitanda khanga mpaka vidoleni, na jua lenyewe linawaka vile. Mimi si mwalimu wala mtu wa serikali. Ni fundi cherehani tu, ila kila Jumamosi nafunga kazi nikae na wasichana walioanza kutoroka shule. Tunapika, tunashona, tunapiga soga. Silipwi, na mume wangu hachoki kunikumbusha. Basi nilipomwambia binti anawe mikono tule, akautoa mkono mmoja tu. Nikajua. Hapo hapo nikausikia moshi wa korosho, nikarudi utotoni kwetu Newala.

Mwenzangu, sijui kama umewahi kukaa kule msimu wa korosho. Kijiji kizima kinanuka mabibo, yale matunda ya mkorosho. Alfajiri, kabla ya shule, nilikuwa shambani na bibi yangu tukiokota na kunyonyoa korosho, huku mimi nikila mabibo mpaka ulimi ukakauka na koo likawasha. Maji yake yakidondokea shati la shule, basi tena, doa lile halitoki hata ulie. Bibi aligomba kila siku, nami nilikula kila siku.

Upande wa pili wa ua wetu aliishi jirani, mama mtu mzima mwenye chale za kizamani mashavuni, mpole lakini macho yake hayakupitwa na kitu. Jioni aliteleka bati lililotobolewa matundu, akamwaga korosho, akakoroga kwa fimbo ndefu mpaka mafuta ya maganda yashike moto na moshi utufukuze wote. Kisha alizimwagia mchanga, na sisi mabinti wa jirani tukakaa chini tubangue. Kila mmoja alitia kwanza mikono kwenye sahani ya majivu, maana mafuta yale yakikugusa yanakubabua. Alikuwa hatuulizi mambo mengi. Tulibangua, tukasema wenyewe.

Mwaka ule nilikuwa darasa la sita, na ulizuka mtindo wa kijinga kabisa. Unapasua korosho mbichi, unaandika kwa mafuta yake mkononi, ngozi inaungua, ikipona herufi inabaki. Wenzangu waliandika herufi moja moja. Mimi kwa tamaa yangu nikaandika jina zima! Mkono ukavimba, ukatunga usaha. Mwalimu alikwishasema atakayemwona na maandishi yale atamsimamisha mbele ya shule nzima. Nikaona aibu hiyo siiwezi. Asubuhi niliaga vizuri na sare yangu, halafu nikaishia kwa wakamuaji wa uraka, kile kilevi cha mabibo, njia ya Mnyambe, nikakaa na wasichana wakubwa walioacha shule zamani.

Nikakaa wiki, ikawa ya pili. Mwenzangu wa darasani akaniletea habari kwamba asiyeonekana hadi Ijumaa anafutwa jina. Nami nikuambie kweli, nilianza kupazoea. Uraka ulikuwa mtamu, na wale wasichana walinicheka pale tu nilipotaja shule. Jumatano usiku nililia kidogo, kisha nikajiambia bora yaishe.

Alhamisi jioni jirani akaniita nikamsaidie kubangua. Siku hiyo hakuwaita wengine. Akasogeza sahani ya majivu. Nikatia mkono mmoja. Akangoja. Korosho zikapoa, na yeye bado anangoja. Nikatia na wa pili nikijikaza, majivu yakapanda mpaka kwenye kidonda, nikaruka na machozi yakanitoka. Akaupandisha mkono wa shati langu taratibu, akalisoma jina langu lote.

“Angalau umeandika lako,” alisema.

Nikacheka huku nalia. Akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi, na maji kwetu yalivyokuwa ya shida! Akapaka mafuta ya nazi, akachana khanga yake, akanifunga. Nilimwambia yote, ya uraka na ya Ijumaa. Hakunigombeza. Alisema asubuhi nimpitie.

Asubuhi tulikwenda naye, na mwalimu alikuwa mlangoni na daftari la mahudhurio. Jirani alinisogeza mbele.

“Mwalimu, huyu nimemleta. Akipotea tena, niulizeni mimi.”

Mwalimu akamtazama, akauliza yeye ni nani yangu.

“Jirani,” alisema.

Mwalimu akafungua daftari, akaniwekea alama ya kuwepo. Sikusimamishwa mbele ya shule. Jirani alikaa nje kwenye kivuli cha darasa mpaka mapumziko, akisuka ukili, na akafanya hivyo siku tatu. Niliona haya sana. Leo ningetoa chochote nimwone tena pale.

Alishafariki. Nilipokwenda Newala mara ya mwisho uani kwake kulikuwa na magugu, na nyumba za pale zimezungushiwa kuta za matofali, hata moshi wa jirani huujui. Korosho zinaondoka kwa magunia na maganda yake. Watoto niliowakuta hawajui kubangua, na nilipowatajia sahani ya majivu walinishangaa.

Yule binti wa Masasi, naye alikuwa amejiandika kwa mafuta ya korosho, nilimfunga mkono kwa kipande cha khanga, na Jumatatu nikampeleka shuleni mwenyewe. Mwalimu wake kijana alinisikiliza kwa adabu, akanipa fomu nijaze. Kwenye uhusiano na mwanafunzi palikuwa na mzazi, mlezi na ndugu, uchague kimoja. Nikasoma mara mbili, huku binti ananitazama usoni kama mimi nilivyomtazama yule mama. Nikaviacha vyote vitatu. Pembeni, kwenye ukingo wa karatasi, nikaandika “jirani”, nikatia sahihi, nikatoka kutafuta kivuli cha kukalia.