Mama na Mjane Aliyeijua Nyota ya Mkia

Kitabu cha kisomo kilikuwa kimoja kwa watu sita. Kila alasiri, wakitoka shamba la kijiji, watu wazima wa Misima walikusanyika kwenye ghala la pamba, wakasoma kwa sauti moja, wakarudia na kurudia, mpaka kitabu chote kikawa vichwani mwao kama wimbo wa ngoma.

Hilo ndilo lililowaponza siku ya mtihani. Baba alitangulia. Akashika kitabu akamwaga somo la palizi ya pamba bila kukwama hata mara moja. Mkaguzi kutoka Handeni, kijana wa suruali iliyopigwa pasi, akachungulia.

"Mzee, ukurasa huu ni wa kuchemsha maji."

Ghala zima likaangua kicheko, baba akiwa wa kwanza. Mkaguzi hakucheka.

"Kumbe mmekariri nyote! Basi anayefuata atasoma hiki." Akatoa mkobani kijitabu ambacho hatukuwahi kukiona. "Akishindwa, naandika darasa zima halijui kusoma."

Aliyefuata alikuwa mama.

Mimi na wenzangu wa darasa la sita tulikuwa tumejazana dirishani. Nilikiona kidole cha mama, chenye udongo wa shamba kwenye ukucha, kikitua juu ya mstari wa kwanza.

Kilikuwa kisa cha mwanamke wa Kijerumani wa zamani sana, mtaalamu wa nyota.

"Jina naliruka," mama akasema. "Ni refu, na mwenyewe hayupo kulalamika."

Kisha akasoma, neno baada ya neno, jinsi mwanamke yule na mumewe walivyopima nyota ili kutengeneza kalenda.

"Kama sisi na Kilimia!" baba akadakia. Kwetu, kundi hilo la nyota ndilo lililotuambia lini tupande.

"Usinikatize, baba watoto."

Akasoma kwamba mwanamke aliiona nyota yenye mkia wakati mumewe amelala, ila sifa zikaenda kwa mume. Miaka ikapita ndipo mume akakiri.

"Alikuwa anakoroma!" mwanamke mmoja wa darasa lao akapaza sauti.

Mume akafariki. Mjane akaomba apewe kazi ile ile aliyokuwa akiifanya siku zote. Hapo mama akanyamaza. Mkaguzi akainama kumsaidia.

"A-li-ka-ta..."

"Nimeliona, mwanangu. Alikataliwa. Nangoja hasira ishuke."

Makofi yakatikisa mabati. Mkaguzi akatabasamu kwa mara ya kwanza, akaandika kwenye daftari lake, akanyoosha mkono kukichukua kijitabu.

"Yatosha, mama. Umefaulu, na darasa lako nalo."

Mama hakukiachia.

"Wewe umeshajua kwamba ninasoma. Mimi bado sijajua huyu mjane aliishia wapi."

Mkaguzi akatazama saa yake, akatutazama sisi dirishani, akaketi juu ya gunia. Mama akafunua ukurasa, na safari hii hakuweka kidole.