Foleni ya Wasio na Kadi

Kompyuta ya mapokezi ilikuwa na haraka kwa watu wa mjini tu. Nilishalisema hilo mpaka wakanichoka. Mtu wa Karatu anatoa kadi kwenye mfuko wa nailoni, karani anaandika namba, faili hili hapa. Mfugaji wa Piyaya au Malambo, ambaye kadi yake ilishalowa mvua au kubaki kwenye boma la zamani, alitafutwa kwa kijiji na jina, na hapo mashine ilisota mpaka karani akapiga miayo.

Mimi ndiye niliyeajiriwa kutunza mfumo wa hospitali ile, na sababu niliijua. Namba ya kadi ilikuwa na indeksi, kama faharasa ya nyuma ya kitabu: unakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaoutaka. Kijiji na jina havikuwa nayo, kwa hiyo kompyuta ilisoma jedwali la wagonjwa wote, mstari kwa mstari, kila alipotafutwa mmoja. Tiba ilikuwa amri moja fupi: indeksi ya kijiji kwanza, jina baadaye, maana ndivyo wenyewe wanavyojitaja.

Mkuu wangu, mwenye nenosiri la kubadilisha jedwali, akakataa. "Usiguse mfumo. Tunasubiri seva mpya." Mtaalamu wa kompyuta wa Arusha, aliyekuwa akiwauzia hiyo seva, akaongeza kwa simu kwamba indeksi hupunguza kasi ya kuandika. Kweli, kidogo. Lakini sisi tuliandikisha wachache na kutafuta asubuhi nzima! Wakakataa, ng'o. Makarani wakabuni utaratibu wao: "Wasio na kadi, subirini pembeni."

Huko pembeni ndiko nilikomzoea mama mmoja wa Piyaya mwenye presha ya macho. Daktari wa macho alikuja siku moja kwa wiki na kuondoka mchana, na bila vipimo vya nyuma vilivyomo kwenye faili hakuweza kujua jicho limeharibika kiasi gani. Mama alifika mapema. Wenye kadi wakampita. Utafutaji ukakatika, karani akaanza upya, daktari akapanda gari. Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Nikamwambia mkuu kwamba yule mama anapofukia kwenye benchi letu. Akajibu kwamba hawa watu wajifunze kutunza kadi. Nilitaka kumtukana, na hamu hiyo haijanitoka.

Mama akaacha kuja.

Seva ikafika, soda zikanunuliwa, tukapigwa picha. Wasio na kadi wakaendelea kukaa pembeni, kwani mjinga akipewa farasi bado haijui njia. Mkuu akachoka kuaibika, akanipa nenosiri. Niliandika amri yangu chai yangu ikiwa bado ya moto.

Mama alirudi baada ya miezi, ameshikwa mkono na binti yake. Akataja Piyaya, akataja jina, na faili likatokea karani hajainua kidole.

"Yeyo, mama yangu, leo husubiri," nikamwambia.

"Daktari hajaondoka?"

"Yupo. Ingia."

Hakukaa sana ndani. Walipotoka nikauliza wamepangiwa kurudi lini, nikitazamia kuambiwa wiki ijayo.

Binti ndiye aliyejibu. "Amesema tusisumbuke kuja tena."