Sufuria za Mali Kauli

Siku yangu ya kwanza kwenye kiwanda cha sufuria kule Zegereni, Meneja Mauzo alinipeleka ghalani akaniuliza, "Binti, unajua mali kauli?"

Nikajibu ni kukopesha. Akatikisa kichwa. "Aliyekopa, mali imeshakuwa yake, anadaiwa. Aliyechukua mali kauli anauza tu kwa niaba yetu. Ikiuzwa, analeta chetu, faida inabaki yake; isipouzwa, anarudisha. Mpaka hapo, sufuria ni yetu."

Nilianza kuwapa wachuuzi mzigo Mlandizi, baadaye nikapewa Kisarawe. Huko nikampata Bi Tatu, mchuuzi niliyempenda kuliko wote. Alitembeza sufuria kijiji kwa kijiji, akizigonga kwa kidole. "Sikilizeni, inaimba!"

Nilikuwa nimetoka tu kumpa mzigo wa sufuria kubwa mumewe alipofariki. Akaingia eda, na mjane aliye edani hatoki kwenda kuchuuza. Meneja akaniagiza nikachukue mzigo.

Nilimkuta ameketi mkekani.

"Shikamoo, Bi Tatu. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Najua ulichofuata. Nenda uani."

Sufuria zilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Majirani walizikuta uvunguni mwa kitanda, wakadhani ni za mwenye nyumba, wakapikia wali wa matanga. Niliporudi chumbani, Bi Tatu alikuwa analia kwa aibu. "Mali ya watu, sijailipia, tumeipikia!"

Nikampigia Meneja simu, nikamweleza. Nilijua anaweza kumfungia Bi Tatu asipewe mzigo tena. Akaniuliza:

"Si alichukua mali kauli?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi zilikuwa zetu. Sisi ndio tuliopika msibani. Mwambie hiyo ni rambirambi yetu."

Nilipomfikishia ujumbe, alijifuta machozi, akakataa. "Mwambie Mungu amlipe. Lakini rambirambi mtu huitoa mwenyewe, haichukuliwi uvunguni."

Eda ilipokwisha alizisugua kwa majivu, akawa anazikodisha kwenye shughuli za watu, akalipa kidogo kidogo hadi akamaliza. Nikampa mzigo mpya.

Sasa nimestaafu, naishi Tangini. Vijana wa mauzo hunicheka: "Mama, siku hizi hela haijaingia kwenye simu, mzigo hautoki." Huenda wana haki, wapo walionikimbia na mali, nawakumbuka hadi majina. Ila nikipata nauli ya Kisarawe, siendi kuwatafuta hao. Nakwenda kwa Bi Tatu, anapika ubwabwa wa nazi, tunakula tukicheka, mwisho tunagombania ukoko.