Mke wa "A" na Mke wa "The"

Ninafundisha Kiingereza katika shule ya kutwa karibu na Kebirigo, na kila mwaka huanza kwa kupigana na mtu ambaye sijawahi kumtia machoni. Ni mwalimu fulani wa zamani wa upande wa Ikonge, ambaye naona alimfundisha karibu kila mtu mzima wa huku kwetu. Huyo ndiye aliyewaambia kwamba "the" ni ya vitu vikubwa na vya heshima, na "a" ni ya vitu vidogo vya kawaida. Kanuni rahisi, haisahauliki, na ni uongo mtupu. Walioambiwa hivyo walikua, wakazaa, wakawarithisha watoto wao, na sasa watoto hao wameketi mbele yangu wakiniandikia kwamba baba ni "the farmer" na mama ni "a farmer." Baba huyo ukimtafuta utampata sokoni akichambua siasa. Mama yuko kwenye chai tangu alfajiri, kikapu mgongoni.

Najaribu kuwaeleza. Nawaambia "a" ni kimoja kati ya vingi, ambacho msikilizaji bado hakijui. "The" ni kile tunachokijua sote, au kile kilicho peke yake, kama jua. Ukiona "a dog," umeona mbwa tu. Ukiona "the dog," ni yule yule aliyekuuma jana, kimbia. Wanaitikia kwa vichwa, wanaandika. Kisha wanarudi nyumbani wakipita kibao cha kinyozi aliyejiita "The Kinyozi," na ng'ambo ya barabara mwenzake, asiyekubali kushindwa, kaandika "The Only The Kinyozi." Mimi ni nani mbele ya mabango.

Ningecheka hivyo hadi nistaafu, lakini akafariki mume wa mama mdogo, yaani mdogo wake mama yangu. Boma lao liko upande wa Itumbe, na huko ndiko kanuni ya yule mwalimu wa Ikonge ilikokuja kutaka kumla mtu.

Huku kwetu mtu anaishi kwa Ekegusii, lugha yetu Wakisii, anaugua kwa Ekegusii, anakata roho kwa Ekegusii, halafu anazikwa kwa Kiingereza. Lazima kiwepo kitabu cha mazishi chenye karatasi za kung'aa, picha ya marehemu akiwa amevaa tai aliyoazima, na wasifu wake wote kwa Kiingereza. Waombolezaji wengi hutazama picha, hutafuta za kwao, kisha hukitumia kitabu kujikinga jua.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi alikuwa kaka wa marehemu, karani mstaafu ambaye shamba lake limepakana na la marehemu. Ni mtu wa kuvaa miwani kwenye paji la uso na kalamu mbili mfukoni. Wasifu aliuandika mwenyewe. Mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilipewa niupitie kutafuta makosa madogo madogo. Nilikuta marehemu kazaliwa katika "the Nyamira," kasomea "the primary," kaokolewa na "the Jesus." Nikazifyeka zote kama magugu. Nikafika kwenye familia. Marehemu, karatasi ilisema, ameacha "the wife" aliyeko mjini Kisii, na "a wife" aliyeko nyumbani.

Habari za mke wa mjini zilikuwa zimenong'onwa kwa miaka, na kifo kilizitoa hadharani, kwa hiyo si hizo zilizonishtua. Kilichonishtua ni kwamba huyo "a wife" ni mama mdogo. Ndiye aliyeolewa kwanza, kwa ng'ombe na kwa kanisa. Ndiye aliyeipanda ile chai iliyo chini ya nyumba, mche kwa mche, mumewe akiwa kwenye shughuli zake za mjini. Mume huyo alipougua alirudi kuuguzwa nyumbani, wala si kule kwenye "the."

"Mzee," nikamwambia yule karani, "hapa pana shida. Ukimwita 'a wife,' unasema ni mmoja tu kati ya wengi, mtu asiyejulikana."

"Mwalimu, si ndiyo hivyo? Huyu wa mjini ni mtu ya ofisi. Wageni wake watakuja. Lazima apewe hiyo kubwa."

"Hakuna kubwa, mzee. Andika wake wawili, uwataje wote."

"Sasa hapo nani atajua mkubwa ni nani?"

Wanakamati wakaitikia kwa vichwa. Wote walikuwa wamepita mkononi mwa yule yule mwalimu wa Ikonge. Kisha karani akashusha miwani hadi puani na kutoa kilichokuwa moyoni. "Na chifu atakuwa hapo. Akienda kuandika barua ya urithi, ataangalia hii kitabu."

Basi nikaelewa kwamba hatukuwa tukizungumzia sarufi. Kila mtu alijua karani amekuwa akiitamani chai ile kwa miaka. Mke wa mjini hajui hata jani linavyochumwa. Akipewa shamba atauza, na mnunuzi alikuwa ameketi pale mbele yangu, kalamu mbili mfukoni. Nilikasirika. Nikaikata sentensi yake, nikaandika "two wives" kwa herufi kubwa, nikaondoka bila kuaga.

Kitabu kilienda kwa mpiga chapa, kikarudi sentensi ile ikiwa kama alivyoiandika yeye. Masahihisho yangu mengine yote yalikuwa yamezingatiwa. Katika kazi ile yote, aliyenufaika na kalamu yangu ni Yesu peke yake.

Mchana wa siku iliyotangulia mazishi, mama mdogo alikuwa jikoni akimenya ndizi. Akaniuliza, bila kuinua uso, "Mwanangu, wameniandikaje?"

"Wamekuandika mke."

"Na yule?"

"Mke."

"Sasa mbona umenuna?"

Nilijaribu kumweleza kwa Ekegusii, nikakwama. Nikakimbilia Kiswahili. "Yeye wamemwandika yule mke, anayejulikana. Wewe wamekuandika mke fulani."

Aliendelea kumenya. Ndizi ya kwanza ikaisha, akachukua ya pili. "Fulani," akasema. "Mimi niliyemwogesha huyu mtu hadi siku ya mwisho. Fulani." Nikachukua kisu nikamenya naye.

Siku ya mazishi, mwongoza ratiba alisimama kusoma wasifu. Alisoma kwa kasi ya mtu anayefukuzwa na mvua, akameza "a" zote na "the" zote, kubwa kwa ndogo. Alichoacha marehemu, kwa kinywa chake, kilikuwa "wife Kisii, wife nyumbani." Karani alifumba macho kama mtu aliyeumwa jino. Mimi nilijifunika kitabu usoni, maana kicheko hakijui msiba.

Tukafika kaburini. Mke wa mjini hakuwa Mkisii, kwa hiyo mchungaji, kwa ajili yake, alitumia Kiswahili. "Sasa mke wa marehemu aje aweke udongo," akasema.

Wakasimama wawili.

Mchungaji akatazama huku, akatazama kule. Kiswahili chake kilikuwa safi, na hakikumsaidia kitu. Karani hakukawia. Alinyoosha kitabu kumwelekea yule wa mjini. "Ni huyu, mchungaji. Imeandikwa."

Lakini yule mwanamke hakusogea. Alikuwa mwembamba, macho yamemvimba, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alimgeukia mama mdogo, sauti yake ikitoka kwa shida. "Dada, mimi aliniambia niko peke yangu."

Hapo ndipo nilipomwelewa marehemu. Kumbe katika ukoo ule mtaalamu wa sarufi alikuwa yeye. Kila nyumba aliingia na "the" yake moja, akaiacha mlangoni, akatoka. Nilimwonea huruma yule mwanamke, na hasira yangu yote ikabaki haina pa kwenda isipokuwa ndani ya jeneza.

Mama mdogo akamgeukia. "Hata mimi aliniambia hivyo," akasema. "Njoo. Mchungaji ameita mke, hajasema yupi."

"Shemeji," karani akaingilia, "ni lazima tufuate kitabu."

"Mimi ni mke, na huyu ni mke," mama mdogo akamjibu, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye hema la mwisho. "Sasa wewe na hii haraka yako, unataka uandikwe wa tatu?"

Watu walijitahidi. Mchungaji aliangalia Biblia yake kwa bidii ya ajabu, na chifu akajiziba mdomo kwa kofia. Kisha bibi mmoja wa kwaya akashindwa, na baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Mama mdogo aliinama akachota udongo, akautupa kwanza. Yule wa mjini akafuata.

Chifu alipoandika barua yake aliandika wake wawili, na hakufungua kitabu chochote. Chai ilibaki kwa aliyeipanda. Yule wa mjini hakuitaka. Aliomba apewe ile picha yenye tai tu.

Baadaye nilimtembelea mama mdogo nikamkuta chini huko kwenye chai, kiunoni amezungukwa na majani. Alikuwa na kitabu cha mazishi ndani ya mfuko wa aproni, kimekunjwa. "Nionyeshe lile jina nililopewa," akaniambia.

Nikaweka kidole chini ya "a." Akainama, akanyanyuka, akainama tena.

"Hii tu?"

"Hiyo tu."

"Nilidhani ni neno refu." Akakirudisha kitabu mfukoni. "Ndogo hivi, na ilikuwa imefungua mdomo imeze shamba." Akaendelea kuchuma.

Jumatatu yake nilirudi shuleni nikasahihisha insha. Katika daftari la kwanza baba alikuwa "the farmer" na mama alikuwa "a farmer." Sarufi inasema "the" ile ya baba haina kazi pale, nami nikaifuta kwa wino mwekundu. "A" ya mama haikuwa na kosa lolote. Nikaikata hivyo hivyo, na ile "the" niliyompokonya baba nikamwandikia mama.