Nilipiga Resi Kaka Yangu Akiimba

Niliyekosa ni mimi. Sikuponzwa na marafiki, sikulewa, wala sikurogwa, ingawa kwetu Simiyu kisingizio hicho kingepokelewa bila maswali. Nilikuwa na akili zangu timamu na mguu wangu wa kulia juu ya pedali ya mafuta, na kwa mguu huo nilimnyamazisha kaka yangu mbele ya watu wote wa Sapiwi. Na watu wakanipigia makofi!

Jina langu naomba lisiandikwe. Watu wa Bariadi mtanitambua tu, maana gari kama lile halikuwapo jingine, lakini jifanyeni hamjui.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Wa rika langu mnakumbuka. Juzi tu sabuni ilikuwa ya foleni, petroli ya kibali, na ukionekana na redio mpya unaulizwa umeitoa wapi. Mara milango ikafunguliwa! Wakaja wanunuzi binafsi wa pamba na mizani zao na maneno yao matamu, wakawa wanatubembeleza kama wachumba. Mwaka ule pamba yangu ilikubali sana. Wenzangu walinunua mabati, wengine majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Mimi nilikwenda Mwanza nikarudi na gari la Kimarekani.

Msidhani ni pikapu. Lilikuwa gari la milango miwili, refu, lililolala chini, rangi nyekundu iliyopauka, usukani uko kushoto na mbele kuna injini ya silinda nane. Fundi mmoja wa Kihindi alikuwa amelificha uani kwake tangu enzi za uhaba, kwa sababu hakuna kibali ambacho kingetosha kulinywesha.

Alipoliwasha, jamani! Ule mlio haukuingilia masikioni, uliingilia tumboni. Lilikohoa, likanguruma chini kwa chini, halafu likatulia kwenye mdundo wa polepole: du-du-du, du-du-du. Akapiga resi, na madirisha ya nyumba yake yakatetemeka. Mimi nimekulia zizini, dume zuri nalijua kwa sauti kabla sijaliona. Palepale nikalipa jina, Nzagamba, ndiyo fahali kwa Kisukuma.

Faida yake ilikuwa nini? Hakuna! Masika lilikaa nyumbani, kwa sababu kwenye udongo wetu mweusi lingelalia tumbo hadi mwezi wa sita. Kiangazi lilikwaruza kila tuta. Gunia halikuingia nyuma, mbuzi alitapika kwenye kiti. Mke wangu, Kabula, aliniuliza swali moja tu siku nilipolifikisha.

"Linabeba nini?"

"Linabeba heshima," nikamjibu.

"Basi litume kisimani likaniletee maji."

Sikujali, maana nilikuwa na wenzangu walionielewa. Alikuwapo Limbu, fundi wa magari pale mjini, na mwalimu mmoja, na dereva wa lori la pamba. Kila Jumamosi alasiri walikuja uani kwangu, tukapanga mabenchi nyuma ya gari, tukakaa tumeielekea ekzosi kama waumini. Hatukwenda popote! Limbu analiwasha, sisi tunafumba macho. Tulibishana mpaka mishipa ya shingo ikatutoka: mlio ni mtamu zaidi injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Limbu ndiye aliyetoa wazo la kuikata silensa, eti ilikuwa inamziba mdomo mnyama wa watu. Tukaikata. Kuku wa jirani wakagoma kutaga, na mchungaji akatuma ujumbe kwa unyenyekevu kwamba tusiliwashe wakati wa mahubiri.

Nilifika mahali ambapo plagi ikichoka, naijua ni ya silinda ipi kwa kusikia tu. Sauti ya kaka yangu ilikuwa inakatika mwaka mzima, nami sikugundua. Hapo ndipo pa kunipiga mawe.

Kaka yangu, nimwite Masunga, ndiye aliyenilea. Baba alituacha wadogo, mama akafuata baadaye, na Masunga akawa baba na mama. Kule Sapiwi alikuwa manju, kiongozi wa ngoma wa upande wa Bagika, mtunzi na mwimbaji wao. Kwa asiyejua mambo yetu: baada ya mavuno Bagika na Bagalu hushindana uwanja mmoja, siku moja, saa ileile. Hawa wanapiga ngoma upande huu, wale upande ule, na watazamaji wanahama wapendavyo. Hakuna jaji. Wenye watu wengi ndio washindi. Ndiyo maana kila upande una dawa zake za kuvuta watu na mbinu zake, na manju anauficha wimbo wake mpya mpaka siku yenyewe. Wachezaji wake wanafundishwa mdundo na kiitikio, lakini maneno yanabaki kichwani mwake, maana wapinzani wakiyasikia mapema watatunga ya kuyajibu.

Alasiri moja kabla ya mashindano, kaka alikuja mjini kwangu. Nilikuwa nimeinama kwenye boneti, injini inaunguruma.

"Mwadila," akanisalimu.

"Mwadila, kaka! Karibu, sikiliza hapa, nimebadilisha plagi zote!"

"Zima kwanza, mdogo wangu."

"Halijapata moto."

Akakaa kwenye benchi akasubiri. Kaka yangu, mtu mzima, akasubiri gari lipate moto! Nilipozima, akaniambia ametoka hospitali. Ana uvimbe kooni. Daktari anataka kuukata, na amemwambia wazi kwamba baada ya kisu huenda asiimbe tena.

"Nimemwomba aniache nimalize mashindano," akasema. "Nina wimbo wa mayo, mama yetu. Nimeutunga mwaka mzima. Nataka ukae mbele kabisa, karibu na ngoma kubwa, uusikie wote, uushike. Mimi nikinyamaza, wewe utakuwa nao."

"Nitakuja, kaka."

"Usije na haya makelele."

"Kaka! Haya si makelele."

Akanitazama kwa huruma, akaomba maji, akaondoka. Nililia siku ile, msinione mnyama. Ila baada ya kulia niliwaza kwamba manju mkubwa hawezi kuaga kwa kushindwa. Nikaamua kumsaidia. Ndugu zangu, muogopeni mtu aliyeamua kukusaidia bila kukuuliza!

Siku ya mashindano nilikwenda Sapiwi na Nzagamba. Nililiegesha nyuma ya upande wetu, mbali kidogo, eti kwa dharura. Limbu alikuja nami, kipande cha gunia mkononi, anafuta vumbi kila kona. Nikaenda kukaa mbele, karibu na ngoma kubwa, kama nilivyoagizwa.

Kaka alianza na nyimbo za zamani za kuwapasha watu moto. Sauti ilikwaruza lakini ilikuwapo. Kisha Bagalu wakatoa chatu. Chatu mzima, mnene, kijana wao kajizungushia shingoni anacheza naye! Watu wetu wakaanza kuchungulia. Wakaondoka wachache, halafu familia nzimanzima. Duara letu likapungua hadi ukaona vumbi tupu katikati ya mtu na mtu.

Kaka hakubabaika hata kidogo. Alinyamazisha ngoma, akafuta jasho, akanitazama. Nilijua sasa unakuja wa mama.

Nami nikainuka! Nilishindwa kuvumilia aibu ya duara lile. Kaka aliniona. Akaninyooshea kiganja kuelekea chini, yaani keti. Nikampungia mkono, yaani subiri uone.

Nilikimbia hadi kwenye gari. Limbu alikuwa ameshafungua mlango, tulielewana bila kusema. Nikawasha. Nikapiga resi.

Mungu wangu, jinsi lilivyonguruma! Halikuwahi kulia vile kabla na halikulia vile tena. Injini ilikuwa imepata moto barabara, silinda zote nane zinaitikiana, na ekzosi ile isiyo na silensa inatema mlio uwanja mzima. Watu wakageuka. Chatu wa watu na kijana wake wakaachwa peke yao. Walikuja mbio, wanawake wanapiga vigelegele, wazee wameshika kofia, hata wachezaji wa Bagalu wakaja na njuga zao miguuni! Wote wakajazana upande wetu. Nami niko ndani, mguu chini, macho nimeyafumba, nausikiliza mlio. Niseme ukweli wote: kwa muda ule nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Simiyu.

Nilipozima, kaka alikuwa amemaliza.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Alisimama katikati ya umati mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuvuta maishani, na umati wote ulikuwa umempa mgongo. Bagika tukawa washindi. Wakanibeba mimi mabegani! Kaka alikuja taratibu hadi nilipokuwa, akanipa mkono.

"Umeshinda," akasema. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomsikia akisema kwa sauti.

Walimkata uvimbe na akapona, tunashukuru. Sauti haikurudi. Amebaki na mnong'ono ambao lazima umsogelee ndipo umsikie. Nilimfuata kitandani nikamwambia, kaka, nipe ule wimbo. Ninong'oneze tu, nitaushika.

"Yaya," akanong'ona, yaani hapana. "Nenda ukaliulize gari."

Nikawaendea wapiga ngoma mmoja mmoja. Wanaujua mdundo, wanajua kiitikio, lakini kiitikio chenyewe ni "mayo, mayo" tu. Maneno hawakuyasikia. Aliyekuwa karibu kabisa na kaka aliniambia alikuwa anaona midomo yake ikicheza na mishipa ya koo imesimama, basi. "Tulikuwa tunapiga kwa kumwangalia," akasema. "Na yeye alikuwa anaangalia gari."

Na mimi? Nikawa mtu maarufu! Niliitwa kwenye harusi ili nipige resi bibi harusi akitoka. Ulipofika uchaguzi, wagombea wa vyama viwili tofauti walinifuata kwa siri, kila mmoja anataka Nzagamba lingurume kwenye mkutano wake. Nilikwenda kote kuwili, na kote walisema ninawakilisha mabadiliko. Mwaka uliofuata vijana wa Sapiwi walitunga ngoma ya kuuiga ule mlio kwa midomo, du-du-du, na hiyo ndiyo inayokumbukwa mpaka leo. Ukiuliza habari za mashindano yale, watakuigizia injini vizuri kabisa.

Kabula hakunisema hata siku moja. Alianza tu kwenda Sapiwi kila Jumapili kumpelekea kaka uji, kwa miguu, akilipita gari uani bila kuligeukia. Ningependa angenisema.

Gari niliachana nalo baadaye. Mtu wa Maswa alichukua injini, akaifunga kwenye mashine ya kusaga pale Binza. Hapa sasa nisikilizeni mnicheke: nimekwenda Binza mara kadhaa kwa visingizio vya biashara, nikasimama nje ya mashine na mahindi ambayo sikuyahitaji, nikafumba macho. Bado ni mtamu ule mlio! Silinda ya tatu imechoka, lakini bado ni mtamu. Ndivyo nilivyo, na sina dawa yake.

Mwaka jana ndipo nilipojua ukubwa wa kosa langu. Nilikuwa nimekaa na kaka mlangoni kwake, tunatazama ng'ombe wakirudi. Sikumwuliza kitu, nilishakoma kuuliza. Yeye mwenyewe alinivuta shati nikasogeza sikio.

"Ule wimbo," akanong'ona, "ulikuwa unakutaja."

Nikazidi kumsogezea sikio.

"Mwishoni. Nilimwambia mayo kwamba mtoto uliyeniachia, nimemlea, huyu hapa. Nikanyoosha mkono mahali ulipoketi, watu wakuone."

"Ulinitajaje, kaka? Ulisemaje?"

Akatikisa kichwa. Akanyanyuka polepole kwa fimbo yake, akaenda kuwafungia ng'ombe.

Basi wewe unayesoma hapa, una chako unachokipenda. Labda ni mpira, labda ni redio, labda ni gari kama mimi. Kipende, sikuzuii, nani nimzuie! Lakini mtu wako akikwambia njoo ukae hapa unisikilize, nenda ukakae. Hata watu wakiondoka wote, wewe usiinuke. Mimi niliinuka, na mpaka leo sijui kaka yangu alimwambia mama nini juu yangu.