Mguu wa Mama Usifunikwe

Mashine ya kupukuchua mahindi ilimrarua mama yangu muundi kule Saboti. Hospitalini Kitale, daktari alitoa kipande cha nyama na ngozi pajani, akaziba nacho jeraha na kuunganisha mishipa ya damu. Nesi, aliyekuwa peke yake wodini, akanifundisha kukiangalia: nibonyeze kwa kidole, na rangi ikirudi, damu inapita. Kikianza kuwa bluu, nimwite mbio. Na mguu usifunikwe.

Mchana wakaja akina mama wa kanisa letu kutoka Mabanga, Bungoma, na blanketi jipya.

“Aibu gani hii, mguu wa mama kuachwa wazi mbele ya watu?” mmoja akaniuliza, akaufunika.

Wakaomba kwa zamu, na kwetu anayeomba hakatizwi. Mjinga mimi, nikafumba macho.

Baada ya amina ya mwisho nikafunua blanketi. Kipande kilikuwa na rangi ya zambarau. Nikamwita nesi, Mama akarudishwa thieta kupasuliwa tena, lakini kilikuwa kimekufa, na baadaye mguu ukakatwa.

Siku hizi Mama hutuombea mezani, nyumbani Bungoma. Wote hufumba macho. Mimi nayakodoa, ingawa hakuna tena cha kuangalia.