Madam Wangu Si Bahili

Hii aibu nilikuwa nimeamua kuzikwa nayo, na leo naisimulia tu kwa sababu rafiki yangu Kavata ameanza kuisimulia vibaya, eti nilimtukana madam wangu mbele ya wageni. Sikumtukana. Nilimsifu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Mnakumbuka miaka ile ya mawakala, wakati kwetu Makueni kila nyumba ilikuwa na mtu anayengoja viza ya Saudia? Mimi na Kavata tulipanda ndege moja tukaenda kufanya kazi za nyumbani Riyadh. Yeye akapata nyumba mtaa wa Al-Shumaisi, mimi nikaangukia nyumba ambayo simu yangu ilifungiwa kabatini, ikawa inatolewa Ijumaa tu niseme na binti yangu Ndanu, kisha inarudi kabatini. Baadaye kafili, yaani mdhamini wangu wa kazi, akanihamishia kwa familia nyingine Jeddah (kuhamishwa ni bahati nasibu, na mimi, asanteni, nilishinda). Madam wa Jeddah alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, anawafundisha kusoma, na siku niliyofika aliniambia, "Simu ni yako, kaa nayo, mtoto wako akikutaka akupate." Basi kila jioni Ndanu, ambaye alikuwa darasa la pili na anaishi na mamangu, ananisomea kitabu chake huku mimi nakatakata vitunguu. Nilimpenda sana yule mwanamke, sioni haya kulisema.

Sasa tulikuwa na kundi la simu, sisi tuliosafiri pamoja, na kazi ya kundi ilikuwa kulalamika. Siku hiyo Kavata akaandika kwamba madam wote ni wale wale, mabahili, wanafiki, madhalimu. Nikakasirika kama niliyetukanwa mimi. Na siku yenyewe madam alikuwa na azima, yaani karamu ya wanawake wa ukoo, sambusa ziko kwenye mafuta, wageni wameanza kuingia, mtu mwenye akili angegeuza sambusa. Mimi nikaona kumjibu Kavata kwenye kundi hakutoshi, wacha dunia isikie. Nikaegemeza simu kwenye mkebe wa unga, nikajirekodi.

"Wasichana, semeni yenu, lakini madam wangu si bahili, si mnafiki, si dhalimu, na hana kiburi hata kidogo."

Nikarudia mara ya pili kwa sauti zaidi (sijui nilidhani nagombea kiti gani), nikaiweka kwenye stetasi, nikarudi kwa sambusa zangu nikiwa nimeridhika.

Nilisahau kwamba stetasi huonwa na yeyote mliyepeana nambari, na mimi nilikuwa na nambari ya Huda, wifi yake madam, kwa sababu ya kuazimana masufuria. Na kitu kingine sikukisahau, sikukijua kabisa, maana sisi wa bara Kiswahili tulikisomea darasani na hakuna aliyetuambia: bahili, mnafiki, dhalimu, kiburi, yote hayo Kiswahili kiliyatoa kwa Waarabu. Kumbe lugha niliyodhani ni ya siri ilikuwa imejaa matusi yao wenyewe, na kitu pekee ambacho wasingekielewa ni kale ka-"si". Wahenga walisema mdomo huponza kichwa, na walikuwa hawajaona stetasi.

Nikaingia sebuleni na birika la kahawa, nikakuta wageni wamekusanyika upande mmoja. Huda ameshika simu, na sauti inayotoka ni yangu. Bahili. Mnafiki. Dhalimu. (Hata "hana" kwao inasikika kama "ana", yaani "mimi", kwa hiyo ilikuwa kama nimejitangaza kwamba mimi ndiye kiburi mwenyewe.) Ikaisha, akaianza upya.

"Amekuita bakhili na munafiki," Huda akamwambia madam. "Na wewe ndiye uliyemwachia simu. Mnyang'anye leo."

Hapo nilimwona Ndanu akirudi kuwa mtoto wa Ijumaa. Nikaanza kupiga kelele, "Madam, mafi! Mafi, mafi!" Mafi ndilo neno letu sisi wafanyakazi kwa kila kitu, hakuna, siyo, hapana, sitaki. "Mafi nini?" Huda akasema. "Video tumeiona sote." Nikapunga birika kukana, kahawa ikamwagikia tende, ikamalizikia kwenye gauni la shangazi yao mzee.

Madam hakupandisha sauti. Watu wazima wangapi mnaowajua, wametukanwa mbele ya mashemeji, wangekaa vile? Aliomba ile simu, akaicheza tena akiwa amefumba macho, anavyowasikiliza wanafunzi wake, kisha akaniuliza kwa upole, "Hii 'si' ni nini? Inatangulia kila neno."

"Si ni mafi," nikasema. "Si bahili, mafi bakhili. Si mnafiki, mafi munafiki."

"Na 'ana' je?" Huda akauliza.

"Hana. Hiyo pia mafi."

Madam akaicheza neno kwa neno, na mimi, birika mkononi, nikawa naitikia mafi kila panapotokea "si", na kufikia mara ya pili wale wanawake walikuwa wanaitikia pamoja nami, shangazi wa gauni lililolowa akiwapita wote kwa sauti. Huda alicheka wa mwisho, lakini alicheka.

Wageni walipoondoka madam alikuja jikoni amebeba sahani mwenyewe. "Simu ni yako, halas, yamekwisha," akasema. Kisha akaniangalia. "Lakini niambie. Umesema mimi si bahili, si dhalimu. Nani alikuwa amesema mimi ndiye?"

Hakuna aliyekuwa amesema. Kavata alisema madam wote kwa jumla, na kati ya wote waliotazama ile stetasi hakuna aliyekuwa na neno baya juu ya huyu, mpaka mimi nilipoyakusanya manne nikayapeleka mlangoni kwake.

"Ukiniosha jina hadharani," akasema, "watu watauliza lilichafukia wapi."

Tangu hapo stetasi yangu ni maua tu, na mtu nikitaka kumsifu namfuata mwenyewe nimwambie, tena bila "si". Nilianza palepale, mikono imejaa povu. "Madam," nikasema kwa Kiswahili, "wewe ni mkarimu." Akaweka sahani chini, na hilo hakuniuliza maana yake.